Zimwi moja, goblini sita: njia nne za kupanga ugumu na malipo ya tukio

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kusimulia na kurusha dadu, ukimwambia mchezaji kwamba zimwi limelala mlangoni mwa pango, kuna maswali mawili anayoweza kukurudishia. La kwanza: "Lina pointi ngapi za uhai?" La pili: "Huwa linalala mpaka saa ngapi?" Wengi hudhani hiyo ni tofauti ya tabia, kwamba huyu anapenda vita na yule ni mjanja. Lakini watu wale wale huuliza la kwanza leo na la pili wiki ijayo, na kilichobadilika katikati ni kanuni moja tu: pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika daraja la nguvu (levo), zinatolewa kwa kufanya nini.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na ugumu. Mwendeshaji wa mchezo (DM, GM, mwite utakavyo: yule anayesimulia ulimwengu na kuwaendesha maadui) hutumia jioni nzima kupima kama pambano litaua watu, halafu malipo anayabandika mwishoni kama bakshishi. Kwa maoni yangu mpangilio huo umekaa kinyumenyume. Amua kwanza unalipia nini, kwa sababu hicho ndicho wachezaji watakachokifanya. Ugumu upime baadaye, na uupime kwa kitendo hicho, si kwa vita ambavyo pengine havitapiganwa.

Ili tusipime chungwa kwa embe, tukio letu litakuwa moja. Wahusika wanne, wote wa levo ya tatu: mpiganaji, kasisi, mwizi na mchawi. Pangoni kuna zimwi moja na goblini sita, yaani vijimwitu vidogo vya vita. Ndani kabisa amefungwa kamba mfanyabiashara wa chumvi aliyetekwa njiani, na pembeni yake kuna sanduku lenye sarafu 3,000 za dhahabu. Ni mchezo wa usiku mmoja. Njia za kuliendesha ni nne: bajeti ya pambano, dhahabu kugeuka pointi, pointi kwa kukosea, na levo kwa hatua ya hadithi. Matukio ya kwenye seva, yaani ya michezo ya mtandaoni yenye wachezaji wengi, nimeyaweka peke yake mwishoni, maana huko mambo hubadilika.

Bajeti ya pambano

Wengi huanzia hapa, na si ajabu, kwani kanuni zake hazina gharama. Kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons (D&D) ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, na za mchezo mwenzake, Pathfinder toleo la pili, zinasomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Wazo lenyewe ni jepesi. Kila kiumbe kina bei yake ya pointi. Unajumlisha bei, unalinganisha jumla na uwezo wa kikosi, unapata jina la ugumu. Pambano likiisha, bei zile zile unawagawia wachezaji. Ugumu na malipo vinatoka kwenye namba moja, na humo ndimo uzuri na ubovu wake wote umo.

Tupige hesabu ya pango. Katika kitabu cha mwendeshaji cha D&D cha 2014, zimwi lina bei ya 450 na kila goblini 50, jumla 750. Kisha kitabu kinakutaka uzidishe kwa kufuata idadi ya maadui: wakiwa saba, unazidisha kwa 2.5 na kupata 1,875. Kwa wahusika wanne wa levo ya tatu, daraja la juu kabisa, lile la pambano la kufisha, linaanzia 1,600. Kwa hiyo tumeshavuka mstari mwekundu.

Chukua sasa kitabu cha D&D cha 2024. Kizidisho kimefutwa. Bajeti ya kikosi hicho hicho ni 600 kwa hatari ndogo, 900 kwa wastani na 1,600 kwa hatari kubwa. Pointi zetu 750 zinaangukia kati ya ndogo na wastani. Viumbe ni wale wale, bei ni zile zile, ila kitabu kimoja kinakuonya na kingine kinakwambia endelea tu.

Nani ana haki? Tazama zamu. Zimwi la 2014 hupiga mara moja kwa raundi, na rungu lake likimpata mtu linatoa wastani wa pointi 13. Goblini mmoja anatoa wastani wa 5. Mchawi wa levo ya tatu huwa na pointi za uhai 20 hivi akiwa na mwili imara. Sasa goblini sita wakirusha mishale na nusu yao wakapata, ni pointi 15 kwa raundi moja, yaani wadogo wanaodharauliwa wameumiza kuliko mkubwa wao. Kizidisho cha 2014 kilikuwa kinajaribu kupima jambo hilo hasa. Lakini mchawi akitangulia kwa uchawi wa usingizi, ambao katika toleo hilo ni dadu tano za pande nane, wastani 22, basi goblini watatu wenye uhai 7 kila mmoja wameanguka kifudifudi kabla hawajavuta upinde. Pambano hili ni la kutisha goblini wakianza, na ni la kuchekesha mchawi akianza. Hakuna bajeti inayoweza kuliona hilo. Mimi bado naitumia hesabu ya 2014 kila maadui wanapozidi wahusika kwa idadi, hata ninapoendesha toleo jipya.

Upande wa malipo ndiko kwenye jambo ambalo halisemwi sana. Katika hesabu ya 2014 kizidisho hakiingii kwenye malipo. Wachezaji wamepigana pambano la 1,875, wanagawana 750, yaani 187 kila mmoja. Kutoka levo ya tatu kwenda ya nne zinahitajika pointi 1,800, kwa hiyo pango moja ni kama sehemu ya kumi ya safari. Kumbe adui mmoja mwenye bei ya 700 analipa karibu sawa na pango zima, na hatari yake haijazidishwa hata kidogo. Wachezaji wakongwe wanalijua hilo bila kuambiwa. Ukiona kikosi chako kinakwepa makundi na kuwinda dude moja moja lililojitenga, usiwalaumu. Wanafuata bei.

Tena kitabu cha 2014 kimejengwa kwa siku yenye mapambano sita hadi manane ya ugumu wa wastani au zaidi. Tukio la usiku mmoja huwa na moja au mawili. Mchawi wa levo ya tatu ana nafasi sita za uchawi. Badala ya kuzigawa siku nzima, anazimwaga zote pangoni na kwenda kulala. Kwa hiyo kama tukio lako lina pambano moja tu, usilipange kwenye wastani, kwani wastani huo ulipimwa kwa watu waliokwisha kuchoka. Panda hadi karibu na mstari wa juu.

Pathfinder toleo la pili, la 2019, imelitazama tatizo hili upya, na hapa ndipo ninapoiona imewazidi wenzake. Bei ya kiumbe haisimami peke yake. Inategemea levo yake ikilinganishwa na ya kikosi. Aliye sawa nanyi ni 40. Aliye chini yenu kwa levo nne ni 10. Aliye juu yenu kwa levo nne ni 160, na huyo peke yake ni pambano la kupindukia. Mpiganaji wa kawaida wa goblini ni levo ya -1, zimwi la vita ni levo ya 3. Goblini sita ni 60, zimwi 40, jumla 100. Wastani kwa watu wanne ni 80 na kali ni 120, kwa hiyo pango letu linakaa katikati, mahali ambapo hata mimi ningeliweka kwa macho tu.

Inafanya kazi kwa sababu levo moja huongeza karibu kila namba ya kiumbe, na kupita namba inayolengwa kwenye dadu kwa 10 kunageuza pigo la kawaida kuwa pigo kuu, linaloumiza maradufu. Goblini aliye chini kwa levo nne hakosi tu mara nyingi, bali pia anapigwa mapigo makuu ovyo. Halafu kikosi kwa kawaida huingia kila pambano kikiwa kimejitibu, kwa hiyo usiku wa pambano moja hauvurugi mizani. Malipo nayo ni rahisi: kila levo ni pointi 1,000, kila mhusika anapata 100, sehemu ya kumi. Akija mchezaji wa tano unaongeza maadui wa pointi 20 hivi kwenye pambano la wastani, lakini malipo ya kila mtu hayaongezeki. Nimependa hilo. Rafiki aliyekuja bila taarifa hampunguzii mtu riziki.

Adhabu yake iko kwenye sanduku. Kikosi cha wanne wa levo ya tatu kinatarajiwa kupata hazina ya sarafu 500 kwa levo nzima. Sanduku letu lina mara sita ya hiyo. Ukiwapa, mapambano yote utakayopima baadaye yatakuwa yamepimwa vibaya, kwa kuwa silaha zenye uchawi zinanunulika na namba za mchezo zinazitegemea. Katika toleo la tano la D&D sarafu hizo 3,000 zingenunua deraya mbili za chuma kamili, 1,500 kila moja, na baada ya hapo wachezaji wangekosa cha maana cha kununua.

Dhahabu kugeuka pointi

Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, sarafu moja ya dhahabu ilikuwa na thamani ya pointi moja ya uzoefu. Hesabu hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kitabu cha msingi cha 1981 kilichohaririwa na Tom Moldvay, na michezo mingi ya mtindo wa zamani inayochapishwa leo imejengwa juu yake.

Ua zimwi: pointi 125. Ua goblini sita: 5 kila mmoja, 30. Jumla 155, mgao 38 kwa kila mtu. Mpiganaji wa levo ya tatu anahitaji pointi 4,000 kufika ya nne, kwa hiyo kumwaga damu yote hiyo hakumfikishi hata asilimia moja ya safari. Sasa toka na sanduku bila kuamsha mtu: sarafu 3,000, mgao 750. Ni karibu mara ishirini ya malipo ya kuua. Hapo ndipo mchezaji anapouliza zimwi linalala mpaka saa ngapi, kama kuna mlango wa nyuma, na kama goblini wanakunywa pombe.

| Kanuni | Pango linapimwaje | Malipo kwa mhusika | Sehemu ya safari ya levo ya nne |
|---|---|---|---|
| D&D 2014 | la kufisha (1,875) | 187 | karibu 10% |
| D&D 2024 | kati ya dogo na wastani (750) | 187 | karibu 10% |
| Pathfinder 2 | kati ya wastani na kali (100) | 100 | 10% |
| D&D 1981, wakiua wote bila sanduku | halipimwi | 38 | chini ya 1% (mpiganaji) |
| D&D 1981, wakichukua sanduku tu | halipimwi | 750 | karibu 19% (mpiganaji) |

"Halipimwi" si uzembe wa mtungaji. Katika mtindo huu mwendeshaji haweki ugumu sawa na nguvu za kikosi. Anaweka ulimwengu, na wachezaji ndio wanaochagua wazame kiasi gani. Orofa ya juu ya shimo ina viumbe hafifu na hazina ndogo, ya chini ina vikubwa vyote viwili. Breki zipo, ila ziko kwingine. Mnapokutana na viumbe, mwendeshaji hurusha dadu mbili kuona wamewapokeaje, kuanzia kushambulia papo hapo hadi urafiki. Viumbe wana kipimo cha moyo, yaani ujasiri wa kubaki vitani: goblini wana 7, na mwenzao wa kwanza akianguka unarusha dadu mbili, zikizidi saba wanatimua mbio. Uwezekano ni 15 kwa 36, zaidi kidogo ya asilimia 40. Zimwi lina 10, halikimbii ovyo.

Kifo nacho ni cha kweli. Mchawi wa levo ya tatu ana uhai wa dadu tatu za pande nne, saba au nane hivi. Zimwi linatoa 1 hadi 10 kwa pigo moja. Ukifika sifuri umekufa. Na dhahabu haihesabiwi mpaka ifike mahali salama: kila sarafu kumi ni pauni moja, kwa hiyo sanduku letu ni pauni 300, zaidi ya kilo 130. Wakigawana sawa, kila mmoja anabeba sarafu 750 na wote wanatembea kwa kujikokota, huku goblini wakianza kuamka. Mara nyingi kurudi nyumbani ndiko pambano lenyewe, na wewe mwendeshaji hukulitunga.

Lakini tazama nani amesahaulika: mfanyabiashara wa chumvi. Amefungwa kamba pale pale pembeni ya sanduku, na katika kanuni hii hana thamani hata ya pointi moja. Kikosi kinachofuata bei kitamwangalia, kitaangalia mzigo wa kilo 130, kisha kitaanza kujadiliana kwa sauti ya chini. Ukitaka aokolewe, mpe bei: familia yake imetangaza sarafu 1,000 kwa atakayemrudisha hai. Sasa ni mzigo unaotembea wenyewe kwa miguu yake, na mjadala umekwisha.

Ichague njia hii kama una meza ya watu wanaoonana mara kwa mara, wasiosononeka mhusika akifa, na kama wewe mwenyewe unafurahia kushangazwa. Usiichague kwa usiku mmoja wa wageni. Mtu aliyefanya safari kuja kucheza kwa mara ya kwanza, akafa kwa pigo moja saa ya kwanza, hatarudi hata ukimweleza historia nzima ya 1974.

Pointi kwa kukosea

Dungeon World, mchezo mwingine wa mezani wa 2012, inaugeuza mzani. Unarusha dadu mbili za pande sita na kuongeza uwezo wako. Ukipata 10 au zaidi umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa kwa gharama, 6 kushuka chini umekosea, na kila ukikosea unajiandikia pointi moja. Mhusika wa levo ya tatu anahitaji kumi tu kupanda.

Bila nyongeza yoyote, nafasi ya kukosea ni kama asilimia 42. Ukiwa na +2 inashuka hadi 17, ukiwa na -1 inapanda hadi 58. Maana yake anayejaribu asichokiweza ndiye anayejifunza haraka. Wapo wanaodhani hilo litawafanya watu wakosee makusudi. Kwa nadharia, ndiyo. Mezani halidumu, kwa sababu kila kosa humpa mwendeshaji ruhusa ya kuleta balaa: kamba inakatika, zimwi linafumbua jicho. Pointi moja kwa jicho la zimwi ni bei ya haki.

Ugumu hapa haupimwi kwa jumla ya bei kabisa. Zimwi ni gumu kwa sababu ya unachosimulia: huwezi kulisogelea kwa kisu bila kwanza kulipita rungu lake. Hilo linahitaji mwendeshaji mwenye ulimi mwepesi, na ni kazi ya kuchosha kuliko kujumlisha namba. Mwisho wa kikao kundi zima linajiuliza kama limejifunza jambo jipya kuhusu ulimwengu, limemshinda adui wa maana, au limepata ngawira ya kukumbukwa. Kila ndiyo ni pointi moja kwa kila mtu. Mfanyabiashara wetu anaweza kuingia kupitia swali la kwanza akiwa na habari za kusimulia.

Kwa wageni na kwa usiku mmoja hii ni njia nzuri mno, kwani dadu mbaya haimwachi mtu mikono mitupu. Kwa kampeni ndefu, yaani hadithi moja ya vikao vingi, yenye wachezaji wanaopenda kupanga mbinu kwa ramani na vipande, wataona haina mifupa.

Levo kwa hatua ya hadithi

Hakuna pointi. Mfanyabiashara akitoka hai, wote wanapanda levo. Vitabu vya D&D vinairuhusu, na meza nyingi zimehamia huku kwa sababu inaondoa karatasi za hesabu. Inaondoa pia sababu ya kutazama kichaka cha pembeni: kila kisicho njia ya hadithi kinakuwa hasara ya muda, na mlango wa siri uliouchora kwa saa nzima hautafunguliwa na mtu. Tena kama wanajua watapanda tu vyovyote iwavyo, hatari ya hiari haina mnunuzi. Inafaa kwa hadithi iliyonyooka. Sina mengi zaidi ya kusema juu yake.

Kwa pango letu, usiku mmoja, watu wanne, mimi ningechukua maadui na hesabu ya Pathfinder, nikalipa zile pointi 100 hata kama wamepita kwa ujanja bila kuchomoa upanga, na nikaongeza 80 mfanyabiashara akitoka hai. Kanuni zenyewe zinaruhusu 10, 30 au 80 kwa mafanikio madogo, ya kati na makubwa. Sanduku ningelipunguza hadi sarafu 100. Goblini waliojisalimisha wanalipa sawasawa na waliokufa, na hilo ningelisema wazi kabla dadu ya kwanza haijarushwa, kwa sababu malipo yasiyojulikana hayabadilishi mwenendo wa mtu.

Tukio la kwenye seva

Hapa mambo mawili hubadilika: hujui watakuja wangapi, na hawalingani. Neverwinter Nights, mchezo wa kompyuta uliotoka 2002, ilimpa mwendeshaji uwezo wa kuingia mchezoni moja kwa moja, kuzalisha viumbe, kuvaa umbo lao na kugawa pointi kwa mkono. Seva za mchezo huo ni shule nzuri ya jambo hili, kwani kwenye tukio moja mtu wa levo ya 3 husimama bega kwa bega na wa levo ya 20.

Ukiacha mfumo ulipe kwa kila kiumbe kilichouawa, mkubwa anafagia uwanja na mdogo anatazama. Ukijibu kwa kuongeza nguvu za maadui ili wamtoshe mkubwa, mdogo anakufa kwa upepo wa upanga tu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili halimjui mdogo wala halimwoni. Dawa ya ugumu si namba. Ni kugawa kazi. Mkubwa ashike daraja, mdogo atoe watu kwenye nyumba zinazoungua, mwenye levo ya kati alinde mikokoteni. Kila kazi iwe na uwezekano wa kushindwa na iwe na athari kwa nyingine, la sivyo mdogo atajua amepewa kazi ya kumtuliza.

Kwenye malipo, linganisha njia mbili. Fungu sawa la 500 kwa kila mtu linaonekana la haki, lakini katika kanuni za mchezo huo kupanda levo kunahitaji pointi 1,000 mara levo uliyonayo. Wa levo ya 3 amepata moja ya sita ya safari yake, wa levo ya 20 amepata asilimia 2.5. Baada ya matukio machache wakubwa wataacha kuja. Lipa badala yake asilimia ya safari, tuseme 5: huyu anapata 150, yule 1,000, na kila mmoja amesogea kiasi kile kile. Naichagua hii bila kusita, kwa sharti kwamba ina kikomo cha juu na inagawanywa kwa nusu saa za ushiriki, ili anayeingia dakika tano za mwisho asivune shamba la wenzake.

Vitu vya uchawi ni habari nyingine. Novemba 2003, kwenye seva ya Rallos Zek ya mchezo wa mtandaoni EverQuest, karibu wachezaji 200 walimwangusha joka Kerafyrm baada ya mapigano ya takriban saa tatu. Watengenezaji walikuwa wamemkusudia asiuawe kamwe, na jaribio la kwanza lilisimamishwa na wasimamizi wenyewe kabla ya kuruhusiwa kurudiwa. Joka halikuacha ngawira yoyote. Miaka michache kabla, kwenye seva ya Thistledown ya mchezo mwingine wa mtandaoni, Asheron's Call, wachezaji waligoma kuvunja jiwe lililopaswa kuvunjwa ili hadithi iendelee. Wakalilinda mchana na usiku hadi watengenezaji wakalazimika kuingia wenyewe na kuwashinda. Walinzi hao walipewa mnara wa kumbukumbu kwenye seva yao. Hakuna upanga wa uchawi wa +5 katika visa vyote viwili, na watu walikuja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayecheza kwenye seva ya Marekani, jambo hili lina makali ya pekee. Tukio la saa mbili usiku huko New York, majira ya baridi, ni saa kumi alfajiri Nairobi na Dar es Salaam. Ukiweka kitu chenye nguvu isiyopatikana penginepo kwenye tukio hilo, umeamua kwamba bara zima litakuwa nyuma milele. Kwa hiyo katika seva yenye watu wa saa tofauti, tukio linaloendeshwa na mtu lilipe pointi kwa kiasi kile ambacho mchezaji angepata akicheza peke yake muda huo huo, au limzidi kwa robo tu; na lile la kipekee liwe cheo, jina kwenye ubao wa mji, haki ya kuingia barazani kwa mtawala, uadui wa ukoo fulani. Kitu cha nguvu kikilazimika kutolewa, rudia tukio hilo wiki hiyo hiyo kwa saa nyingine, na hazina iwe ile ile.